Saa ya Bi Mahbuba

Ulimwengu usiofunzwa na mamaye hufunzwa na Bi Mahbuba. Wahenga waliisema kinyume, wakamweka mtoto mahali pa mwanafunzi na ulimwengu mahali pa mwalimu, lakini wahenga hawakupata kukaa nyumba moja na Bi Mahbuba. Mwanawe, Yaqoob, amekaa naye miaka thelathini na mitatu. Mkewe Yaqoob, Mahfudha, amekaa naye mitatu. Wote wawili wamekwisha kubaliana kwamba mama huyu na ulimwengu wakigombana, wa kuonewa huruma ni ulimwengu.

Ugomvi wa safari hii uliingia nyumbani kwao Bawshar, Maskati, kwa simu, Jumanne alasiri. Mahfudha alikuwa sakafuni anambadilisha Noof nepi, naye Noof, mwenye umri wa miezi kumi na moja, anapigana kama mtu anayedaiwa talaka. Ujumbe ulitoka kwa mkuu wa skuli, Bi Khulood, kwenda kwa walimu wote wenye watoto wadogo. Rawya, mlezi wa hadhana, alikuwa anahamia Suhar kumfuata mumewe. Alkhamisi ndiyo siku yake ya mwisho. Ikifika Jumapili bila ya mlezi mwingine, chumba kitafungwa na kurudi kuwa stoo ya viti.

Hadhana, ndivyo watu wa Maskati wanavyokiita chumba cha kulelea watoto, na hii ilikuwa chumba kimoja tu pembeni mwa uwanja wa skuli ya wasichana ambako Mahfudha anasomesha hesabu. Kweli kiliwahi kuwa stoo. Walimu wenyewe walitoa viti, wakapaka rangi ya kijani, wakatandika zulia, wakaleta vitanda vya watoto wao waliokwisha kukua. Sasa walikuwamo watoto wanane, mkubwa wao hajatimiza miaka miwili na nusu, na mama zao wote wako hatua mia moja kutoka hapo, wanaandika ubaoni.

Hatua hizo mia moja ndizo zilizokuwa maisha ya Mahfudha. Noof hataki chupa. Ameletewa chupa za aina nne, moja ya Kijerumani iliyonunuliwa Khuwair ya Kusini kwa bei ya viatu vya harusi, na zote amezitazama kama mtu aliyetukaniwa wazee wake. Basi kila kati ya kipindi na kipindi Mahfudha huvuka uwanja mbio, hunyonyesha, hurudi darasani na shela imekaa upande. Hadhana ya nje iliyo karibu iko Khuwair, inafungua mlango wakati wasichana wamekwisha kupanga mistari na kuimba wimbo wa taifa, na ada yake inakula robo ya mshahara. Kwa siku mama anayenyonyesha hupewa saa moja ya ruhusa. Kwa foleni za asubuhi, saa moja inakufikisha Khuwair na kukuacha huko huko.

Yaqoob aliporudi kutoka Rusayl, anakosimamia upakiaji katika ghala la mafuta ya kupikia, alisomewa ujumbe kabla hajavua viatu. Alifikiri, akasema pengine Mahfudha achukue likizo ya mwaka mmoja bila ya mshahara. Alisema huku anatazama viatu vyake.

Baada ya chuo Mahfudha alisubiri kazi hiyo miaka minne, jina lake likipanda orodha kwa mwendo wa konokono. Alijua wanaotoka kwa mwaka mmoja hurudi wakakuta nafasi yao imekaliwa, wakapangiwa skuli ya mbali, huko ambako hata mtandao wa simu unakwenda kwa miadi. Alimfuta Noof mdomo, ingawa mdomo ulikuwa safi.

"N'takwenda mimi," ilisema sauti kutoka ukumbini.

"Wapi, Mama?" aliuliza Yaqoob.

"Skuli. Kwani watoto wanane wanataka nini? Walishwe, walazwe, wafutwe makamasi na wasikilizwe. Nimekufanyia hayo wewe na ndugu zako sita, na marehemu baba yenu akawa wa nane."

Yaqoob alimkumbusha, kwa adabu, habari ya magoti yake.

"Magoti yangu yamekuja kukushtakia?"

Hayakuwa yamekuja. Mazungumzo yakaishia hapo.

*

Siku ya pili Bi Mahbuba alikaa mbele ya meza ya Bi Khulood, amevaa buibui lake la Idi na viatu vya raba. Bi Khulood alikuwa mwanamke mwema aliyezungukwa na mafaili. Alimwita mgeni wake khala, kama mtu anavyomwita mama mdogo, akaagiza kahawa na tende, akaeleza kwamba sheria inataka mlezi mwenye shahada.

Karani wake, Nasriya, alileta fomu. Aliijaza yeye mwenyewe, anauliza kwa sauti ya juu na ya polepole, kama anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kazi ya awali? Bi Mahbuba alisema watoto saba na wajukuu kumi na mmoja. Nasriya akaandika: hakuna. Shahada? Darasa la nane, Unguja, mwaka ule aliokuja huku. Nasriya akaandika: hakuna. Kiarabu cha Bi Mahbuba kina Unguja ndani yake, kinainuka pale ambapo cha wenzake kinashuka, na kila kilipoinuka Nasriya aliitabasamia mashine ya kuchapia. Mwishoni alifungua droo, akatoa kidau cha wino, akakisogeza karibu na kidole gumba cha bibi.

Mahfudha, aliyekuwa amesimama mlangoni, alihisi uso unamchoma. Bi Mahbuba alikitazama kile kidau, akakifunika kifuniko chake taratibu ili wino usikauke, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Aliandika jina lake, la baba yake, la babu yake na la babu wa babu yake, kwa mwandiko aliofunzwa chuo cha Kurani, Malindi ya Unguja, kwa fimbo ya mkwaju. Nasriya aliigeuza karatasi nyuma kuona kama imechapwa.

"Mwezi mmoja, khala," alisema Bi Khulood. "Kwa kujitolea. Ndani ya mwezi huu atakuja mkaguzi. Akipitisha, nitakuandikia mkataba. Asipopitisha, viti vinarudi. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Bi Mahbuba alisema mwezi mmoja unatosha kumfunza hata ng'ombe kusalimia, wakaagana.

*

Jumapili alikwenda kazini na mikeka miwili, sufuria ya uji, kanga nane na saa ya ukutani.

Kanga zilikuwa na kazi yake. Kila mtoto alipewa rangi yake, na mtoto akimtaka mama, kanga yake ilianikwa dirishani. Haikupita wiki wasichana wa darasa la tisa walikuwa wanaiona kabla ya mwalimu wao. Mahfudha yuko katikati ya mlinganyo, kinasikika kisauti cha nyuma kinamwita mwalimu: Abla, nyekundu imetoka. Mwingine anapiga hesabu bila ya kuombwa: bado dakika sita kengele ilie, Abla, atavumilia. Wasichana ambao hawakuwa wakijua kugawa walijua kugawa dakika za Noof.

Saa ya ukutani ina hadithi yake. Sisi tunaosema Kiswahili tunasema ni saa moja asubuhi huku mkono mfupi unaonyesha saba, wala hatuoni ajabu. Tumezoea macho yaseme jingine na ulimi useme jingine. Bi Mahbuba hajazoea. Kwake saa isiyokubaliana na mdomo ni saa ya uongo, na uongo hautundikwi ukutani. Kwa hiyo tangu alipoolewa, saa ya ukumbini mwake huonyesha moja ikiwa saa moja, na nne ikiwa saa nne, kama ilivyokuwa nyumbani kwa baba yake. Wanawe wamekua nayo. Mahfudha alipoingia nyumba hiyo bibi harusi, wiki ya kwanza alimpikia mumewe chakula cha mchana muda wa saa sita nzima kabla ya wakati wake, akawa anakitazama kinapoa.

Hadhana ilikuwa na saa yake, imekufa betri tangu Ramadhani. Bi Mahbuba akaishusha, akaitundika yake, na kwa kuifuata hiyo akaandika daftari. Rawya alikuwa akiandika siku anayojisikia. Bi Mahbuba aliandika kila kitu, kwa Kiarabu, kwa ule mwandiko wa Malindi: 12:30 wamefika. 2:30 uji. Loai kaumaliza, kaomba wa mwenzake. 4:45 wamelala, isipokuwa Noof, anafikiri. 7:45 wamechukuliwa.

Chumba kikabadilika harufu. Kilikuwa kinanuka dawa ya kufutia sakafu. Sasa kilinuka iliki. Walimu wakaanza kupitia hata wasiokuwa na watoto. Loai, mtoto wa Mwalimu Mastura, ambaye ukoo wao mzima Rustaq hakuna aliyepata kuvuka bahari, alitamka neno lake la kwanza, nalo lilikuwa "bado." Mastura aliuliza maana yake. Alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini, akasema basi mwanawe amezaliwa afisa wa serikali.

Bi Khulood naye alikuja. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni na faili. Wiki ya pili alikaa. Wiki ya tatu alikuja na kikombe chake mwenyewe, akakiacha huko huko, kwenye rafu, chini ya saa.

*

Mkaguzi aliitwa Ustadha Alaa, na hakutoa taarifa. Aliingia Jumatatu, saa nne na robo, mwanamke mwembamba, mkoba begani, utepe wa kupimia mkononi. Bi Khulood alimfuata nyuma akifunga vifungo vya abaya.

Alaa alipima upana wa mlango. Alihesabu watoto, akahesabu vitanda. Alifungua friji akanusa maziwa, akainama kutazama chini ya sinki, akapitisha kidole juu ya rafu akakitazama kidole. Alimwuliza Bi Mahbuba moto ukitokea atafanya nini. Bi Mahbuba alisema atawatoa wanaotambaa kwanza, kwa sababu wanaotembea watakuwa wamekwisha toka kwenda kuutazama. Mkaguzi aliandika, na ncha ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Kisha akafungua daftari.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Uso wake ukafunga. Alimwuliza Bi Khulood skuli inafunga lini. Bi Khulood akamwambia kwa Kiarabu moja na nusu, yaani saa saba na nusu mchana kwa Kiswahili.

"Basi nieleze," alisema Alaa, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kwa mujibu wa daftari hili watoto wanafika walimu wakiwa tayari kuondoka. Wanakunywa uji milango imefungwa. Wanalala karibu na Magharibi, na wanachukuliwa usiku. Kila siku. Wiki tatu."

Aliinua macho ukutani. Saa ya mkononi mwake ilikuwa kumi na dakika ishirini na mbili. Ya ukutani, nne na dakika ishirini na mbili.

Mahfudha alikuwa ameiona kanga nyekundu na amevuka uwanja. Alifika mlangoni wakati mkaguzi anaeleza kwamba mwezi uliopita alifunga hadhana moja ambako daftari la mwaka mzima liliandikwa kwa siku moja, kwa kalamu moja. Makosa mengine, alisema, anaweza kuyapa muda yarekebishwe. Rekodi ya kubuni hana ruhusa ya kuisamehe. Mahfudha alikitazama chumba kile cha kijani na papo hapo akaviona viti: vimepangwa mpaka darini, miguu juu, mahali pa kitanda cha Noof.

Alaa alimwuliza Bi Khulood kama alikuwa anajua habari ya saa hii. Bi Khulood alitazama mafaili aliyokuwa hanayo mikononi.

"Sikuitia maanani," alisema.

Bi Mahbuba alimgeukia, akakitazama kikombe chake kwenye rafu, kisha akamtazama yeye. Bi Khulood akawa mwekundu kuanzia shingoni.

Halafu Bi Mahbuba akaeleza, kwa Kiarabu kile kile kinachoinuka. Jua likitoka siku imezaliwa, na saa ya kwanza ya siku ni ya kwanza. Yeye hajui kwa nini mtu azaliwe asubuhi aanze kuhesabu saba.

Alaa alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema anafahamu, lakini rekodi haiandikwi kwa ajili ya anayeiandika. Mama akija akasoma kwamba mwanawe kapewa dawa ya homa saa nne, ataijuaje nne hiyo? Atampa nyingine lini?

"Hilo ni suali la haki," alisema Bi Mahbuba. "Waulize mama zao."

Mwalimu Mastura alikuwa ndiyo kwanza anaingia kumtazama Loai, mikono ina chaki, hana habari ya lolote. Alaa alimnyooshea kidole ukutani, akamwuliza sasa ni saa ngapi.

"Saa nne na nusu," alisema Mastura kwa Kiswahili, akambeba mwanawe. Ndipo alipouona utepe wa kupimia, akarudia haraka kwa Kiarabu kwamba ni kumi na nusu, ustadha, kumi na nusu, kuna nini?

Waliingia wengine wawili. Wote walijibu bila ya kufikiri. Mmoja alieleza na njia: unatia sita, au unatoa sita, au unamwuliza Loai. Alaa aliwaandika majina, lakini bado hakuwa ameridhika. Wote hao wana watoto humu, alisema, wana haja ya kuisoma. Akamgeukia mkuu wa skuli, ghafla, kama mwalimu anayemshika mwanafunzi wa nyuma.

"Kipindi cha tano kinaanza lini?"

Bi Khulood aliinua macho ukutani.

"Saa tano kasoro dakika kumi," alisema, kwa Kiswahili safi, na papo hapo akajiziba mdomo kwa mkono.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mastura. Wa pili Mahfudha, ambaye alikuwa karibu ya kulia, kwa hivyo kicheko kilimtoka na machozi. Kisha wote. Bi Khulood naye alicheka, nyuma ya mkono, mabega yanatetemeka, na watoto wakacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka, wakapiga makofi, na Noof, aliyekuwa ameshikilia mguu wa kiti na kusubiri maziwa yake kwa muda ambao yeye aliuona wa dharau, akapiga ukelele wa kushtaki.

Alaa hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha mtoto, magoti yake yamefika kifuani, anaitazama ile saa. Alisema babu yake, kijijini kwao ndani huko, alikuwa ndiye mgawaji wa maji ya falaji, ule mfereji unaozunguka mashamba ya watu kwa zamu. Kila Magharibi alikuwa akiitoa saa yake ya mfukoni na kuirudisha kwenye kumi na mbili. Maji ya kijiji kizima yaligawiwa kwa saa hiyo, miaka hamsini, na hakuna shamba lililolala na kiu. Alipofariki waliiweka kwenye droo. Kila aliyeifungua droo hiyo alisema saa ya mzee ni mbovu.

"Haikuwa mbovu," alisema Bi Mahbuba.

"Haikuwa," alisema Alaa.

Hapo Noof aliuachia mguu wa kiti. Alisimama peke yake, tumbo mbele, mikono juu, akamtazama mama yake aliye mlangoni. Akaenda hatua moja. Akaenda ya pili, na ya tatu, na ya nne alianguka nayo ndani ya abaya ya Mahfudha. Vigelegele vikapasuka. Vilivuka uwanja, na kwenye madirisha ya juu darasa la tisa zima likatoa vichwa na kuvipokea, ingawa walikuwa na mtihani.

Bi Mahbuba alikuwa wa mwisho kumbusu mjukuu wake. Kwanza alilivuta daftari kutoka mikononi mwa mkaguzi, akaandika: 4:36 Noof katembea. Mama yake yupo.

Alaa alilichukua tena. Alitazama mkono wake, akaandika chini yake kwa kalamu yake ya ofisi: 10:36. Akatia saini.

*

Ripoti ilikuja Jumatatu ya pili. Chumba kimepita. Mlezi apewe mkataba wa mwaka mmoja huku akipelekwa mafunzo mafupi. Pawe na saa mbili ukutani, na daftari liwe na safu mbili za wakati. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja ambao haukuandikwa na Alaa, umetoka kwa mkubwa wake asiyepata kuona hadhana hiyo wala uji wake: mlezi awasilishe, kabla ya Alkhamisi, barua ya kuomba radhi kwa kuweka rekodi kinyume na utaratibu, itiwe katika faili, ndipo mkataba utiwe saini.

Nasriya aliileta barua imekwisha chapwa, imebaki saini tu. Safari hii hakuja na kidau cha wino. Alikuja na kalamu yake nzuri, akaikabidhi kwa mikono miwili, na akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu na mtu, kwamba samahani, khala, ni karatasi tu.

Bi Mahbuba aliikunja karatasi, akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani.

Jioni alikuwa anakanda unga wa chapati. Yaqoob aliisoma barua mara mbili, akaiona haina ubaya. Mistari mitatu. Hakuna atakayeisoma, alisema, itatiwa faili na faili litatiwa kabati. Akamwomba mama yake aitie saini yaishe, maana bila ya barua hakuna mkataba, na bila ya mkataba hakuna hadhana, na hadhana ndiyo kazi ya Mahfudha.

"Nenda kalete karatasi nyeupe," Bi Mahbuba alimwambia mkaza mwanawe. "Mikono yangu ina unga. Nitasema, uandike."

Yaqoob alimtazama mkewe kwa macho ya kumsihi. Mwambie, yalisema macho. Wewe ndiye wa kupoteza.

Mahfudha alikuwa na Noof mapajani. Alifikiria orodha ile ya miaka minne. Alifikiria kidau cha wino kikisogezwa mezani, na mkono wa mama huyu ukikifunika. Alimkabidhi Yaqoob mtoto, akaenda chumbani, akarudi na karatasi na kalamu. Akakaa.

"Sema, Mama."

"Andika kwa Mudira Khulood. Baada ya salamu. Saa ya pili nimeinunua mwenyewe, iko ukutani, ina betri mpya. Daftari lina safu mbili, kila mtu asome ile anayoijua. Watoto wanane hawajambo, na Loai sasa anasema 'tayari'. Mafunzo nitakwenda, na nikikuta wanachokijua wao nisichokijua mimi, nitajifunza." Aliugeuza unga, akaukandamiza. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ama ile barua mliyoniletea, nimeirudisha ndani ya bahasha hii, safi, haijakunjwa vibaya. Mtu huomba radhi akikosa. Hakuna mtoto aliyekaa na njaa. Hakuna dawa iliyotoka si wakati wake. Jua lilitoka, nikaandika limetoka."

Kalamu ya Mahfudha ilikwenda, ikafika mwisho wa mstari, ikasimama. Yaqoob alikuwa amefumba macho. Noof, mikononi mwake, alikuwa anajaribu kuyafumbua kwa kidole.

"Tumalizie na samahani kwa usumbufu, Mama?" aliuliza Mahfudha. "Ni adabu ya barua tu. Nikuandikie?"

"Usiniandikie. Weka tarehe. Weka saa, zote mbili. Halafu pale chini kabisa, ambapo watu hutia samahani, andika kwa herufi nzuri, Nasriya aisome bila ya miwani: Siombi radhi."